Je, kimondo kikubwa kinaweza kuamsha volkano?

Miaka milioni 66 iliyopita, mwamba kutoka angani wenye upana wa takriban kilomita 10 uligonga eneo ambalo leo ni rasi ya Yucatán, Meksiko, ukaacha shimo la karibu kilomita 180 kutoka ukingo hadi ukingo. Zama hizohizo, sehemu kubwa ya India ilikuwa ikifunikwa na lava ya volkano za uwanda wa juu wa Deccan, matabaka juu ya matabaka. Dinosaria wakatoweka. Ni rahisi kudhani kwamba kimondo ndicho kilichoiwasha volkano hiyo.

Hakikuiwasha. Umri wa miamba unaonyesha kuwa lava ilishaanza kutoka kabla ya kimondo kuanguka. Lakini je, kiliichochea? Hapo ndipo utamu wa swali ulipo.

Volkano iliyo tayari kulipuka haihitaji msukumo mkubwa. Mwezi Mei 1960, Chile ilikumbwa na tetemeko la ukubwa wa 9.5, na siku mbili baadaye volkano ya Cordón Caulle ikalipuka. Mitikisiko hupanua nyufa na kuvuruga gesi iliyomo ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, nayo magma ikapata njia. Kishindo cha Yucatán kilikuwa kikubwa kuliko tetemeko lolote tulilowahi kupima, na mawimbi yake yaliizunguka dunia nzima.

Mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti yalipima umri wa lava ya Deccan kwa njia tofauti. Moja liliona kwamba sehemu kubwa ilitoka baada ya kimondo. Jingine likaona mlipuko mkubwa ulioanza makumi ya maelfu ya miaka kabla yake. Kwa maoni yangu, wazo la uchochezi bado lina nguvu, ila halijathibitishwa.

Palepale kilipoangukia, kimondo huyeyusha mwamba kwa joto la mgongano wenyewe. Huko Sudbury, Kanada, mgongano wa miaka bilioni 1.85 iliyopita ulitengeneza ziwa la mwamba wa moto, ambalo lilipopoa likaacha hazina ya nikeli na shaba. Hiyo si volkano, ingawa miamba yake inafanana na ya volkano.

Mwezini mambo yalikwenda polepole zaidi. Madoa meusi tunayoyaona kwa macho ni mabonde yaliyochimbwa na vimondo, ambapo gamba la Mwezi lilibaki jembamba. Lava ilipanda na kuyajaza baadaye sana, mengine baada ya mamia ya mamilioni ya miaka.