Vidhibiti janja vya mota viwandani: maana yake na kazi yake

Mota ya kiwandani kwa kawaida haiwashwi pale ilipofungwa. Swichi zake huwa ndani ya kabati la umeme, pamoja na za mota nyingine nyingi. Katika kabati la zamani, kontakta huwasha na kuzima, na rilei hulinda. Ndani ya rilei hiyo mna ulimi wa metali mbili unaopinda mkondo ukizidi na kuleta joto. Ukipinda, mota inakatwa. Fundi akifika hakuti maelezo yoyote. Itambidi afungue, apime, na mara nyingi akisie.

Udhibiti janja wa mota kwa mtandao ni kuweka kifaa cha kielektroniki mahali pa rilei hiyo, kisha kuunganisha vifaa vya mota zote kwa kebo ya mawasiliano hadi kwenye PLC, yaani kompyuta inayoongoza mitambo. Neno janja lisikupotoshe: kifaa hakifikiri. Kinapima wakati wote mkondo wa kila fezi, yaani kila moja ya nyaya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, kinakokotoa joto la koili (nyaya zilizosokotwa ndani ya mota), na kinatoa taarifa.

Kupima huko ndiko kwenye faida kubwa. Chukua pampu iliyoishiwa maji. Haina mzigo, kwa hiyo mkondo wake unashuka badala ya kupanda. Rilei ya zamani inaona mambo shwari, huku sili za pampu (vizuizi vya uvujaji) zikiungua kwa kukosa maji ya kuzipoza. Kifaa janja kinaona mkondo ulioshuka na kuizima. Au fezi moja ikatike: zile mbili zilizobaki hubebeshwa mzigo wote na koili huchemka upesi. Kifaa hukata ndani ya sekunde chache na kuandika sababu. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo wa takriban mara 6 ya kawaida yake. Kifaa kinajua huo ni mwanzo tu, hivyo hakikati bure.

Mawasiliano yenyewe si jambo jipya. Modbus, lugha ambayo vifaa vingi bado huzungumza, ilitoka mwaka 1979, na kwenye laini moja inaruhusu anwani hadi 247. Kabla ya hapo kwa kawaida kila taarifa ilidai waya wake hadi chumba cha udhibiti.

Pale mota inapoendeshwa na inveta, yaani kifaa kinachobadilisha masafa ya umeme ili kubadili kasi ya mota, mtandao hupeleka pia amri ya kasi. Kwa feni hili lina uzito: nguvu inayohitajika hufuata kasi kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo kwa asilimia 80 ya kasi feni huhitaji karibu nusu tu ya nguvu.

Lakini ulinzi wa mota usitegemee kebo. Mtandao ukikatika, kifaa lazima kiendelee kupima na kukata chenyewe, na mimi ningetaka kitufe cha dharura kiwe na waya wake wa pekee, usiopita kwenye mtandao. Tena mifumo hii ya udhibiti inaweza kuvamiwa: mwaka 2010 iligunduliwa programu hasidi ya Stuxnet, iliyolenga mashinepewa (mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa) za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Ilibadilisha masafa ya umeme yaliyotoka kwenye inveta za mota, huku skrini za waendeshaji zikionyesha kila kitu kiko sawa.