Dhana potofu kuhusu hotuba za kuhamasisha za sayansi na jamii, na ukweli wenyewe

Hizi hotuba za sayansi, jamii na mawazo ya kuijenga kesho iliyo bora nazipenda sana, na ndo maana inaniuma nikiona watu wamegawanyika makundi mawili: kuna wanaozichukua kama neno la mwisho lisilopingwa, na kuna wanaozitupa zote kwamba ni maneno ya kupigiwa makofi tu. Wote wanakosa kitu. Ngoja niziseme dhana ninazokutana nazo mara kwa mara, nikianza na ile ninayoona ina madhara zaidi.

Dhana: ukitoka umesisimka basi umejifunza

Hapana, na hili limepimwa. Mwaka 1970 huko Marekani watafiti walimchukua mwigizaji, wakampa jina la Dokta Fox na sifa za usomi ambazo hakuwa nazo, wakampa mada ya namna hesabu za nadharia ya michezo (hesabu za jinsi watu wanavyoamua wanaposhindana, siyo michezo ya uwanjani) zinavyotumika kwenye kufundisha madaktari, kitu ambacho hakukijua hata kidogo. Alichosoma ni makala moja tu ya jarida la sayansi. Wakamwelekeza ajaze mhadhara kwa maneno yanayojipinga yenyewe, maneno ya kubuni na vichekesho, ila aongee kwa kujiamini na uchangamfu. Waliomsikiliza walikuwa watu wazima wasomi, madaktari wa magonjwa ya akili, wanasaikolojia, watu wa ustawi wa jamii, na wengi wakampa maksi nzuri na kusema amewafanya wafikiri. Matokeo yalichapishwa 1973.

Unaweza kusema hao walidanganywa makusudi, sawa, ila angalia hii ya mtafiti wa saikolojia Shana Carpenter na wenzake mwaka 2013. Wanafunzi walioneshwa video ya mtu akieleza kwa nini paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Script ni ile ile neno kwa neno, mtoa mada ni yule yule, ila kwenye video moja amesimama wima anaangalia kamera na kuongea bila kukwama, kwenye nyingine ameinamia karatasi anasomasoma kwa kusitasita. Walioona ile nzuri wakasema watakumbuka mengi zaidi. Walipopimwa, hawakuwa na tofauti na wenzao! Alafu 2019 kule Harvard kwenye darasa la fizikia ikaonekana kwamba wanafunzi waliofanya mazoezi wenyewe darasani walijifunza zaidi kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo, yani hisia na ukweli vilienda njia mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo ile raha unayoipata ukiisikiliza hotuba nzuri ni ya kweli, ifurahie, ila isikudanganye kwamba ndo elimu.

Dhana: kama amepanda jukwaa kubwa, alichosema kimeshathibitishwa

Jukwaa linachagua hadithi nzuri na mtu anayejua kuisimulia, halirudii jaribio maabara. Mfano maarufu ni wa mwanasaikolojia Amy Cuddy, ambaye mwaka 2012 alieleza kwenye TED, lile jukwaa maarufu la hotuba fupi, kwamba ukikaa dakika mbili kwa mkao wa kujitanua, mikono kiunoni, hata homoni zako zinabadilika na unakuwa jasiri zaidi. Mamilioni wameiangalia, watu wakawa wanajifungia chooni kabla ya intavyu wajitanue. Utafiti wenyewe wa 2010 ulikuwa na watu 42 tu. Mwaka 2015 watafiti wengine wakaurudia na watu 200: homoni hazikubadilika, tabia ya kuthubutu nayo haikubadilika, kilichobaki ni watu kusema wanajihisi wana nguvu kidogo. Mwaka uliofuata Dana Carney, ambaye ndiye mwandishi wa kwanza wa ule utafiti, akasema hadharani kwamba haamini tena kama matokeo yale ni ya kweli. Mi namheshimu sana kwa hilo, ni wachache wanaoweza. Cuddy mwenyewe aliendelea kutetea ile sehemu ya hisia na ana haki ya kuitetea, ila video haijirekebishi yenyewe, iko pale pale na mtu anaiona leo kama vile jana ndo imetoka.

Na kuna mbaya zaidi ya hiyo. Elizabeth Holmes, mwanzilishi wa kampuni ya kupima damu ya Theranos, alisimama TEDMED, jukwaa la TED la mambo ya afya, mwaka 2014 akaongea kwa upole kabisa kuhusu kupima damu kidogo tu, mtu ajue ugonjwa mapema na asimpoteze ndugu yake mapema. Nani asingeguswa? Januari 2022 mahakama ikamkuta na hatia ya kuwatapeli wawekezaji wa kampuni hiyo.

Dhana: asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7

Hii utaisikia kwenye kila semina ya kufundisha watu kuongea mbele za watu, na imetoka kwenye majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya 1967, ambayo yalitumia neno moja moja lililorekodiwa na picha za sura, kuangalia mtu anaamua vipi kama msemaji anampenda au hampendi. Basi. Mehrabian mwenyewe ameshasema haihusu mazungumzo yote. Ingekuwa kweli ungemwelewa mtu anayeongea lugha usiyoijua karibu kila kitu.

Dhana: hotuba moja inaweza kubadilisha dunia

Watu wanaipenda hii kwa sababu ya Rais Kennedy wa Marekani, ile hotuba ya kwenda mwezini aliyoitoa chuo cha Rice Septemba 1962. Lakini lengo lenyewe alikuwa ameshalipeleka bungeni Mei 1961, na kilichowafikisha watu mwezini Julai 1969 ni kazi ya watu kama laki nne hivi, na mwaka 1966 peke yake NASA, shirika la anga la Marekani, ilikula zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali ya Marekani. Hotuba ilisaidia watu wakubali gharama, na hiyo siyo kazi ndogo, ila roketi ilirushwa na mafundi na hela.

Ya mwanafizikia Richard Feynman ndo inanivutia zaidi. Desemba 1959 aliongea kule chuo cha Caltech, Marekani, kuhusu kutengeneza vitu vidogo kabisa, hadi kupanga atomu moja moja, na leo wengi wanasema pale ndo teknolojia ya nano ilipozaliwa. Ukifuatilia utakuta kwa miaka kama 20 hivi karibu hakuna mwanasayansi aliyeitaja. Hadubini iliyowezesha kuona na baadaye kusogeza atomu ilitengenezwa 1981 na wanasayansi Binnig na Rohrer, na Rohrer alikuja kusema kwamba hotuba hiyo hawakuwa hata wameisikia. Watu walirudi kuitafuta baadaye, kazi ikiwa imeshafanyika.

Na onyo nalo halijitekelezi. Bill Gates alisema mwaka 2015 kwamba dunia haiko tayari kwa mlipuko mkubwa wa virusi, wakamsikiliza, wakapiga makofi, na miaka mitano baadaye tukaona wenyewe.

Dhana: basi hazina faida, ni porojo

Hapa ndo nawakatalia wale wa kundi la pili. Hans Rosling, daktari wa Sweden aliyewahi kufanya kazi Msumbiji, mwaka 2006 alieleza kwamba aliwapa wanafunzi wake jozi tano za nchi wachague ipi ina vifo vya watoto mara mbili ya mwenzake. Wakapata wastani wa 1.8 kati ya 5. Sokwe akichagua kwa kubahatisha angepata nusu. Yani tatizo halikuwa kutojua tu, walikuwa na picha ya zamani vichwani, wanadhani dunia imegawanyika wao na sisi. Akawaonesha takwimu za miaka mingi zikitembea kwenye skrini, na watu wengi kwa mara ya kwanza wakaona nchi maskini zikisogea. Hiyo ni faida, na inapimika kwa sababu aliweka data mezani mtu yeyote aikague.

Alafu kuna William Kamkwamba wa Malawi. Aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajenga mashine ya upepo ya kuzalisha umeme kwa vipande vya baiskeli na vyuma chakavu akifuata picha za kitabu cha maktaba. Juni 2007 alipanda jukwaa la TED Arusha akiwa na miaka 19, Kiingereza kinampiga chenga, ana woga unaouona kabisa, na aliongea kidogo sana. Lakini kitu alikuwa amekijenga tayari, na waliokuwa ukumbini wakamsaidia kurudi shule hadi akamaliza chuo cha Dartmouth, Marekani, 2014. Hapo kazi ilitangulia, hotuba ikaja kuifungulia mlango.

Dhana: haya ni mambo ya intaneti

TED ilianza 1984 na video zake ziliingia mtandaoni 2006, ila mwanasayansi Michael Faraday alianzisha mihadhara ya Ijumaa jioni kwa watu wa kawaida pale Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, tangu 1825.

Dhana: ukiiangalia mara tatu nne itakaa kichwani

Watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi maandishi, wengine wakayasoma tena na tena, wengine wakasoma kisha wakafunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndo walikumbuka zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Kwa hiyo hotuba ikikugusa, ifunge, chukua karatasi, andika amedai nini hasa, ametoa ushahidi gani, na nani mwingine amelipima hilo, alafu pale unapokwama ndo urudi kuangalia tena hicho kipande.