Registan ni uwanja, si mji wa kale

Mara ya kwanza kusikia "mji wa kale wa Registan" nilinyamaza. Mara ya pili msimulizi wa video moja ya safari aliongeza kwamba Alexander wa Makedonia aliuteka mji huo. Hapo uvumilivu ukaniishia.

Registan ni uwanja ulioko katikati ya Samarkand, Uzbekistan, uliozungukwa na madrasa tatu kubwa pande tatu. Basi, maana yake ni hiyo. Kinachowachanganya watu ni neno lenyewe.

Ni neno la Kiajemi: reg ni mchanga, -stan ni mahali. Mahali pa mchanga. Wengi wakiona -stan hudhani lazima iwe nchi, kwa kuwa wamezoea Pakistan na Afghanistan. Lakini Mswahili anayo -stan hiyo nyuma ya nyumba yake. Bustani ni neno la Kiajemi lililotufikia kwa njia ya Kiarabu: bu ni harufu nzuri, -stan ni mahali pake. Hakuna anayeomba viza kwenda bustanini. Na kwa kuwa ni neno la kawaida tu, Registan haiko moja. Bukhara ina yake, mbele ya ngome ya maamiri, na kusini mwa Afghanistan kuna jangwa zima liitwalo hivyo. Hilo angalau lina mchanga kwelikweli.

Tuje kwenye umri. Madrasa ya kwanza hapo uwanjani ni ya Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, mtawala aliyeifanya Samarkand mji wake mkuu, iliyojengwa kati ya 1417 na 1420. (Usiwaze watoto na juzuu zao; humo watu wazima walisoma hisabati na falaki.) Mbili zilizobaki zilijengwa karne ya 17 kwa amri ya gavana Yalangtush: Sher-Dor, iliyoanza 1619, na Tilya-Kori, iliyoanza 1646 mahali palipokuwa na nyumba ya kupumzikia misafara. Sher-Dor maana yake ni "yenye simba", ingawa wanyama waliochorwa juu ya lango lake, jua likiwachomoza mgongoni, wana milia kama chui milia. Sijui nani alimwona simba wa namna hiyo.

Samarkand ya kale ni kitu kingine kabisa. Iko kaskazini-mashariki mwa uwanja, vilima vya udongo vya hekta 220 hivi, na inaitwa Afrasiab, jina la mfalme wa hekaya za Kiajemi. Hapo ndipo waliishi Wasogdia, wafanyabiashara ambao misafara yao ilifika hadi China. Wagiriki walipaita Marakanda, na Alexander alipaingia mwaka 329 KK. Hapohapo, mwaka 1965, kazi ya kupitisha barabara ilifukua kuta zenye picha za karne ya 7: wajumbe wa mataifa waliofika kwa mfalme Varkhuman, Wachina wakiwa wamebeba hariri. Wamongolia waliuvunja mji huo mwaka 1220. Maisha yakahamia kusini mwa vilima, na huko ndiko Timur alikoweka makao yake, na ndiko uliko uwanja.

Picha hizo ziko katika makumbusho hapohapo Afrasiab. Wageni wengi hawafiki. Huvipiga picha vigae vya bluu vya Registan, wakaondoka. Siwalaumu, kilima cha udongo hakina sura mbele ya kamera.

Kwa hiyo sema "uwanja wa Registan, Samarkand", na ukikusudia mji wa kale, taja Afrasiab. Yule msimulizi wa video naye hakupotea sana: alikosea kilomita chache tu, na miaka 1,700 na ushei.