Shimo la choo "lisilojaa" ndilo la kuogopwa

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje hadi Makunduchi, wengi huamini shimo la choo lichimbwe mpaka likute maji, maana shimo lililofika majini halijai. Kweli huchelewa kujaa, lakini maji machafu hayakukauka: yamehama. Mwamba wa matumbawe umejaa matundu na nyufa, hauchuji kama mchanga, na yanayopita humo hufika kisimani na vijidudu vyake. Kinyesi kizito hubaki chini, na mwishowe shimo hujaa vilevile.

Kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji. Pima kina cha maji kwenye kisima cha karibu, kwa kamba, siku za bamvua (maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) bahari ikiwa imejaa, kwani karibu na ufuo maji ya ardhini hupanda na kushuka pamoja na bahari. Ukipima maji yamekupwa utajidanganya. Mita 30 kutoka kisimani ni umbali wa kuanzia tu. Penye nyufa ongeza.

Nafasi hiyo ya mita 1.5 ikikosekana, jenga karo (tangi la maji machafu ya choo) lisilovuja la vyumba viwili, cha kwanza kikiwa theluthi mbili ya ujazo, na shimo la kunyonyea, linalopokea maji ya karo na kuyaachia ardhini, liwe la kina kifupi. Mdomo wa karo wa kutokea uwe paipu ya T, mguu wake uzame chini ya ukoko wa mafuta na uchafu unaoelea. Bila huo, mafuta na uchafu hutoka na kuliziba shimo. Zungushia taulo jeupe kwenye mti mrefu, uzamishe hadi chini ya karo: tope jeusi kwenye taulo likifika theluthi ya kina cha maji, ita gari la kunyonya.