CNC kwenye karakana ya kabati: saa za fundi zinaishia wapi?

Wenye karakana wengi wakiniita, swali la kwanza ni hili: nikinunua CNC, yaani mashine ya kukata na kutoboa inayoongozwa na kompyuta, nitapunguza mafundi wangapi? Mimi huomba kwanza tukae pembeni na saa, tumfuatilie fundi mmoja tangu anaposhusha bodi ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) hadi kipande kinapofungwa kwenye kabati. Msumeno wenyewe unakata kwa sekunde chache tu. Muda unamalizikia kwenye kusoma mchoro, kupima, kusogeza kizuio cha msumeno, kupima tena, kutafuta kipande kilichofunikwa na vingine, na kurudia kile kilichokatwa pungufu. Mshahara mwingi unalipia hayo.

Kazi za Dar es Salaam nyingi ni za oda. Jiko la Mbezi halifanani na la Kigamboni, na mteja anaweza kubadili upana wa droo baada ya kulipa advansi. Kiwanda kinachotoa maelfu ya viti vya aina moja kinaweza kujenga mtambo wa kazi hiyo moja na ukalipa. Karakana ya Keko ikiiga hivyo, mtambo utakaa bure, kwa sababu oda ya wiki ijayo ni kabati la nguo. Sisi tunahitaji mashine inayohama kutoka kazi moja kwenda nyingine kwa kubadilishiwa faili, bila kutengeneza kalibu mpya kila mara.

Chukua tundu la bawaba ya kikombe kwenye mlango wa kabati. Kipenyo ni milimita 35, kina milimita 12 au 13, na bodi yenyewe ina unene wa 18. Fundi anachora kwa penseli, anapiga alama, anatoboa kwa drili. Akizidisha kina, biti inatokea upande wa pili na mlango mzima umeharibika. Akihama milimita 2, milango miwili haitalingana, na marekebisho yatafanyika nyumbani kwa mteja. Huko ndiko saa ya fundi ilipo ghali kuliko kote, maana umeshalipia usafiri na watu wawili wamesimama wakimsubiri mmoja. CNC hutoboa tundu hilo, pamoja na matundu ya rafu ya milimita 5 yanayoachana kwa milimita 32, ikiwa bado imeshikilia bodi ileile ya 2440 kwa 1220 inayoikata. Kipande kikitoka kinabandikwa lebo: ni cha kabati gani, ukingo upi unapata ejingi, yaani utepe wa kufunika ukingo wa bodi. Lebo hiyo naipenda kuliko kasi ya mashine, kwa kuwa inamaliza kabisa ile kazi ya kutafuta.

Tatizo ni kwamba foleni haifi, inahama. Vipande vinavyotoka haraka vinarundikana mbele ya anayebandika ejingi. Kama bado anatumia gundi ya brashi na kisu, CNC imekununulia rundo tu. Kwa karakana inayoanza, mara nyingi nashauri programu ya kupanga ukataji na mashine nzuri ya ejingi kwanza, CNC baadaye.

Halafu piga hesabu kwa oda, usipige kwa mashine. Tuseme mashine, pampu yake ya kunyonya hewa inayoshikilia bodi, na kinyonya vumbi vimegharimu shilingi milioni 60, nawe umepanga virudishe fedha kwa miaka 5. Hiyo ni milioni 1 kwa mwezi kabla ya umeme, biti na mwendeshaji. Ukitengeneza majiko 10 kwa mwezi, kila jiko limebeba 100,000. Ukitengeneza 2, kila moja limebeba 500,000, na huenda saa za fundi ulizookoa hazifiki hapo. Karakana ndogo tatu zinazogawana mashine moja zinaweza kufika pale ambapo moja peke yake haifiki.

Mbao ngumu ni habari nyingine. CNC inafuata faili. Haijui kwamba ubao wa mninga haujakauka na umejipinda. Lazima ukaushwe, upigwe randa, unyooshwe kwanza, na kazi hiyo inataka jicho la seremala. Ndiyo maana napinga wazo la kumfukuza fundi mzoefu na kumweka kijana anayejua kompyuta pekee. Mzoefu anasikia biti ikianza kuwa butu kabla kingo hazijachanika. Mfundishe faili, ni rahisi kuliko kumfundisha mwingine mbao.

Umeme nao usiusahau. Ukikatika katikati ya kazi, pampu inaachia bodi na mashine inaweza kupoteza mahali ilipofikia. Weka betri ya akiba kwa kompyuta inayoiongoza, na mzoeshe mwendeshaji kuirudisha mashine kwenye sifuri, mahali inapoanzia kupima, kabla ya kuendelea.

Kabla ya kulipa advansi, mpelekee muuzaji oda yako yenye fujo kuliko zote, ile ya kona isiyo na pembe mraba na droo za vipimo vitatu. Mwambie aikate mbele yako. Anza kuhesabu muda anapofungua mchoro, usisubiri biti ianze kuzunguka, na usizime saa hadi kipande cha mwisho kipate ejingi.