Kwa nini mbwa mwenye maumivu ya bega hutikisa kichwa anapotembea?

Mbwa akiumia bega, mara nyingi halii. Anakula kama kawaida, mkia unacheza, hata mpira anaukimbilia. Kinachotoa siri ni kichwa. Mtazame akija kwako taratibu: mguu unaouma ukigusa chini, kichwa kinapanda, mguu usiouma ukikanyaga, kinashuka. Wengi huielewa ishara hii kinyume, wakaishia kuukagua mguu usio na tatizo.

Chanzo ni uzito. Miguu ya mbele ya mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake, na kichwa na shingo ni mzigo uliotangulia mbele kabisa. Akiviinua, sehemu ya uzito hurudi nyuma, na bega linapata nafuu kwa muda wa hatua moja.

Bega lenyewe limeumbwa kwa namna ya ajabu. Sisi tuna mtulinga, mfupa unaoshikanisha bega na kifua. Kwa mbwa mfupa huo umebaki kijipande kisichoshika chochote, au haupo kabisa. Mguu wake wa mbele umeungwa na kiwiliwili kwa misuli na kano tu, yaani nyuzi ngumu zinazoshikisha misuli kwenye mifupa; mfupa haugusani na mfupa. Ndiyo maana hatua zake huwa ndefu akikimbia. Lakini akiruka kutoka kitandani au kwenye gari, kishindo chote hupokewa na nyama hizo. Na kano, kwa kuwa hazipati damu nyingi, hupona polepole: wiki kadhaa, pengine miezi.

Hapa ndipo tunapowaumiza mbwa wetu bila kujua. Akipewa dawa, siku ya tatu anatembea vizuri, nasi kwa furaha tunamfungulia akimbie. Maumivu yamepungua, ila kano bado haijaunga. Mtoe kwa kamba, matembezi mafupi ya kwenda haja, mpaka daktari wa mifugo aseme vingine. Zuia ngazi. Tandika zulia penye sakafu ya utelezi, kwa sababu mguu ukiteleza kwenda pembeni, bega linavutwa upya. Ukimbeba, pitisha mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya mapaja. Usimwinue kwa kumshika makwapa. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, husaidia siku mbili tatu za mwanzo akikubali. Asipokubali mwache, maana mbwa mpole kabisa anaweza kung'ata akiguswa panapouma.

Usimpe kamwe dawa zako za maumivu. Ibuprofen, diclofenac na paracetamol zinaweza kumharibu tumbo, figo au ini, hata kumuua.

Asipokanyaga kabisa, bega likivimba, au akiwa amegongwa, mpeleke siku hiyohiyo. Kuchechemea kunakopita siku mbili kunahitaji daktari pia, hasa kwa mbwa wa aina kubwa: akiwa mchanga, gegedu la bega, ule utando mlaini unaofunika ncha za mifupa, linaweza kuwa limekua vibaya; akiwa mzee, saratani ya mfupa hupenda kuanzia karibu na bega, na eksirei ndiyo itakayoonyesha.

Kabla hamjaondoka, mrekodi kwa simu akitembea, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Mbwa wengi wakifika kwa daktari, hofu huwafanya watembee kama wazima.