Mzinga Si Wa Kutundika na Kusahau

Wiki iliyopita kijana mmoja wa upande wa Gede alinijia na malalamiko. Kanunua mizinga kumi ya Langstroth, ile ya masanduku yenye fremu za kuchomoa, kaitundika tangu kabla ya masika, na asali hajaona hata kijiko. "Mwalimu, nyuki wa huku wavivu." Mwanangu, mara ya mwisho kuifungua ilikuwa lini? Akatazama viatu vyake.

Hii ndiyo dhana inayonichosha: eti kufuga nyuki ni kutundika, kungoja, kurina. Mzinga unaonuka rangi na mbao mpya hauwaiti nyuki. Yeyusha nta ya zamani, upake ndani na kwenye fremu, ndipo watakapobisha hodi. Wakishaingia, kazi ndiyo kwanza yaanza. Nyuki wetu si kama wale wa Ulaya mnaowatazama kwenye simu. Sisimizi wakiwasumbua, jua la kaskazi likiwachoma bila kivuli, au maji yakiwa mbali, kundi zima linahama na wewe uko nyumbani wapiga hesabu ya debe. Nyuma yao huja nondo, mabuu yakatafuna masega hadi yabaki utando. Tulipopanda na yule kijana, mizinga sita haijawahi kuingiwa, mitatu ina nondo, na wa mwisho kahamia mjusi.

Kwa hivyo paka grisi kwenye nyaya za kutundikia, sisimizi wasipite, fyeka matawi yanayogusa mzinga, mlango usielekee upepo wa kusi. Weka beseni la maji lenye vijiti, nyuki wasizame. Chungulia kila baada ya wiki mbili. Na kumi ya nini? Anza na miwili, mmoja ukidorora utajua kwa kuutazama mwenziwe. Hili nalisema kila siku, na kila siku mtu ananunua kumi.

Dhana nyingine ninazozisikia ni hizi. "Asali ikiganda imetiwa sukari." La. Ni glukosi yake yenyewe inayoganda. Tia chupa kwenye maji ya uvuguvugu, si kwenye sufuria inayochemka. Na hilo la kwamba sisimizi hawagusi asali safi, basi hiyo grisi twaipakia nani?

"Moshi huwalewesha." Moshi hufunika harufu ya hatari wanayoitoa walinzi, na wengine hukimbilia kujaza asali tumboni wakidhani msitu unawaka. Tumia makumbi ya nazi, moshi uwe wa baridi. Ukichoma mpira, asali yako itanuka gereji.

"Kurina ni kutoa yote." Sega ambalo halijafunikwa nta bado lina maji mengi, na asali yake itachacha. Sega lenye watoto wa nyuki usiliguse, na akiba waachie, ama watakuhama tena.

"Ukiumwa sana utazoea." Wengine huzoea. Wengine, kila wakiumwa, hali huzidi. Mwiba ukwangue upesi kwa ukucha. Ukiona mtu anahema kwa shida au kavimba uso, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, asali itangoja.